Kobole

Mhariri amenirudishia mswada kwa basi la usiku,
umefungwa kamba ya katani kama mzigo wa sukuma wiki,
na kila penye mathe ameandika mama,
penye keja, nyumba,
penye tumehepa, tumetoroka,
kwa wino mwekundu, mwandiko wa mtu aliyefunzwa na watawa.
Ukingoni mwa sura ya saba:
Lugha hii itaoza kabla kitabu hakijafika dukani.

Hakukosea. Ndicho kilichoniuma.

Nikampa Kwamboka wa ploti ya nyuma,
miaka kumi na minne, penseli sikioni.
Alisoma ameketi juu ya mtungi wa njano
kwenye foleni ya maji, hapa Kaptembwa,
upepo wenye vumbi ukimfunulia kurasa kabla hajazimaliza.
Alicheka, ila si pale nilipoweka kichekesho.

"Huyu Tuwei wako anaongea kama mtu wa redio.
Hii neno ilikufa tukiwa darasa la nne.
Hii wazazi walianza kuitumia, tukawaachia.
Hii, sijui. Labda watu wa Nairobi."
Akayapigia mstari moja moja
kama anayechagua mchele,
na changarawe zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani.

Nilikuwa nimeyaokota kwa miezi mitatu,
daftari mapajani, nikijifanya nangoja mtu
nje ya kinyozi, nje ya duka la kuchaji simu.
Lakini neno la kijana lina masikio.
Likisikia kiatu cha mtu mzima linahama,
kama wale ndege wa waridi, ziwa lilipofura,
wakatuachia sura zao kwenye mabango ya hoteli.

"Na hapa," akasema.
Sura ya saba: Tuwei anamkuta Wekulo
ametoka kumzika babake.
Nilikuwa nimempa maneno sita ya mtaani, yote ya moto.
"Hapa hangesema kitu.
Angemkatia mandazi. Ile nusu kubwa."
Foleni ikasogea. Akausukuma mtungi kwa goti
huku akiyafuta, yote sita,
akapuliza uchafu wa raba kutoka kwenye ukurasa.

Usiku ule nilikaa na rangi mbili mezani,
nyekundu ikiniambia nimeshuka,
ya penseli ikiniambia nimechelewa.
Mathe nikaiacha, mhariri atake asitake,
ila pale Tuwei anapotetemeka kwa malaria:
pale hata Kwamboka alikuwa ameandika, kwa herufi ndogo,
saa hiyo ni mama.

Neno moja tu nililigomea pande zote mbili.
Kobole. Shilingi tano.
Kaka yangu Namisi alikuwa akiiweka ndani ya soksi yangu
kila Ijumaa, mwaka ule nauli ilipokuwa haitoshi,
na hakuwahi kusema ameiweka.
Mimi nilikuwa nikiijua kwa kisigino.
Sasa Namisi hayupo, na neno lake
halisemwi tena na mtu yeyote wa chini ya arubaini.

"Kobole ni nini?" Kwamboka alikuwa ameuliza.
Soma, nikamwambia. Na mwisho wa kitabu
sikuweka orodha ya maana.

Jumamosi iliyofuata niliwasikia nyuma ya ukuta wa mabati,
yeye na wenzake wawili, wakivutana, wakicheka,
kisha mmoja akataka kuona alichoficha.
"Zii, wacha. Hiyo ni kobole yangu."
Nikachungulia. Hapakuwa na sarafu.
Palikuwa na kikaratasi kilichokunjwa mara nyingi sana,
au picha, sikuona vizuri,
kitu ambacho mtu hakigawi.
Wenzake wakaelewa mara moja. Wakamwachilia mkono.

Daftari lilikuwa palepale kwenye kiti.
Chai ilikuwa inafurika jikoni,
nikaenda kuiepua.